Bei ya Dari

Mwanza,
2 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kuvunja ua wa jirani. Mimi sijambo. Cherehani zote sita zinafanya kazi, na sare za shule za mwezi wa kwanza zimeniachia vidole vyote kumi, ingawa kimoja kina tundu la sindano. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nina mafua ukasikia nimefua, ukanipongeza kwa usafi. Basi tuendelee na barua. Konda wa basi la Ngara ataishusha Nemba kwa kaka Anatory, naye ataifikisha Kibimba kama kawaida.

Mama, nimepata nyumba ya kununua. Si nyumba hasa. Ni sehemu ya juu kabisa, chini ya paa, katika ghala la zamani la pamba karibu na ziwa. Wamelikarabati wakaligawa, na hiyo ya juu wanaiita lofti. Boriti za mbao ziko wazi, hakuna kilichozifunika. Dirisha lake ni refu kuliko mlango wetu wa mbele, na ukisimama hapo unaliona ziwa mpaka kwenye mawe. Unapanda kwa ngazi ya mbao iliyo ndani. Nilipofika juu mara ya kwanza nilikaa dirishani mpaka nikaitwa nishuke. Unakumbuka ulivyokuwa ukinikataza kupanda kwenye dari ya jikoni? Niliitamani dari ile kuliko peremende. Nafikiri tangu hapo nimekuwa nikitafuta pa kupanda.

Bei yake ni milioni sabini na nane. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma. Dalali anaitwa Clever, na jina limemkaa. Anasema haipungui hata shilingi. Wenzangu wa sokoni wananicheka kwamba kwa fedha hizo ningejenga nyumba ya vyumba vinne pembeni mwa mji na banda la kuku juu yake. Kuna siku naamka naona ni wizi, na kuna siku naona wananipa bure. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Akiba yangu na mkopo wa chama vimepungukiwa milioni kumi na mbili. Mzee Mashimba, yule mnunuzi wa mahindi, anaitaka ile kona ya kibanja chetu cha migomba iliyo nyuma ya jiko ajenge ghala, naye atatoa hizo kumi na mbili. Kona iko kwenye fungu nililoachiwa na baba. Ila katika daftari lake la mipaka, marehemu ameandika kando yake kwa kalamu nyekundu: "Mahari Bizimana. Malufuku kuuza." Malufuku, masikini baba. Nimemuuliza Anatory, akasema hajui.

Bizimana namkumbuka kwa mbali, yule mkimbizi wa kambi ya Lukole aliyekuwa akipalilia kahawa yetu. Nimewaza hivi: alimchumbia shangazi Francisca, akatoa mahari, baba akainunulia ile kona, kisha Bizimana akaondoka bila mke. Kama ndivyo, mama, mahari isiyodaiwa kwa karibu miaka thelathini imekwisha kuwa yetu. Bila baraka yako sitagusa kitu. Niambie dari hii inastahili bei yake au nimerogwa na dirisha.

Binti yako,
Deodata


Kibimba,
19 Februari 2025

Mwanangu Deodata,

Milele amina, na marahaba. Nimefurahi kusikia vidole vyote vipo. Goti ni lile lile. Ng'ombe mwekundu nimemuuza kwa tabia mbaya, na sasa jirani analalamika kwamba amekosa wa kumlalamikia. Tumeanza kupanda maharage. Masikio ndiyo yanazidi kuharibika. Padri akihubiri mimi naona midomo tu, na sijapungukiwa sana.

Nimesoma habari za lofti mara tatu. Mwanzoni nilidhani ni aina ya gari. Kisha nikaelewa kwamba ni dari. Milioni sabini na nane ili ulale darini, pale ambapo sisi tunaweka maharage yapate moshi yasiingie wadudu. Mjini kuna mambo. Lakini sikucheki sana, maana cha rahisi nacho huja kuwa ghali, na mtu akishaipenda nyumba huwezi kumwambia kitu.

Nakuuliza maswali ambayo baba yako angekuuliza. Nani alikaa humo kabla yako, na alitokaje? Ngazi inakaa pale pale au inavutwa juu? Aliye juu anasikika chini? Marehemu hakununua hata mbuzi kabla ya kukaa naye kimya nusu siku, na nyumba ni zaidi ya mbuzi. Nenda mchana bila dalali. Beba chai yako, kaa sakafuni, usifanye lolote mpaka chai ipoe. Nyumba inayostahili bei itakunyamazia. Isiyostahili itakuambia kitu.

Habari ya kona sijakataa wala sijakubali. Kwanza niandikie ulichosikia.

Mama yako,
Adelfina


Mwanza,
9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na pole kwa jirani. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umepungua kidogo.

Nilifanya ulivyosema. Alhamisi nilimwomba Clever funguo, nikamwambia nakwenda kupima mapazia. Kabla yangu hakuwahi kukaa mtu, mama. Yalikaa marobota ya pamba miaka na miaka. Ngazi imefungwa kwa bolti, haivutwi. Kama aliye juu anasikika chini, hilo sikuweza kulijua, kwa sababu chini kulikuwa kutupu. Nilikaa sakafuni chini ya boriti ya katikati na chupa yangu ya chai. Jua lilikuwa linaingia, mbao zina harufu nzuri. Nilijiona mtu mwenye bahati.

Chai ilikuwa imeanza kupoa niliposikia mtu anakohoa. Mara mbili fupi, kisha kimya kidogo, kisha mara moja ndefu, ya kifua kilichochoka. Sauti ilitoka juu yangu, mama, na juu yangu kuna bati tu. Nilishuka, nikazunguka jengo lote. Hapakuwa na mtu. Nilirudi nikakaa tena. Mbili fupi, moja ndefu.

Clever anasema ni njiwa. Akaona sikubali, akasema ni bati linatanuka kwa joto. Mimi nimezaliwa chini ya bati, nalijua linavyosema. Ila kitu kimoja sikumwambia. Kikohozi kile nakifahamu. Ni kile cha jikoni kwetu nilipokuwa mdogo, ambacho mlituambia ni panya wakubwa wa darini. Utaniona mjinga, lakini baada ya kuogopa nilifarijika. Niliona kama nyumbani kumenifuata mpaka huku, na nikaitaka dari ile kuliko mwanzo. Nimetoa malipo ya kwanza.

Mashimba anataka kuanza kuchimba msingi baada ya Pasaka. Mama, nakuheshimu, lakini mwezi mzima hujasema ndiyo wala hapana. Nikifika Pasaka sijapata neno lako, kimya chako nitakihesabu ni ridhaa.

Binti yako,
Deodata


Kibimba,
25 Machi 2025

Mwanangu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mimi ni mzima. Barua yako niliisomea jikoni, nimekaa pale ilipokuwa ikisimama ngazi, na moto sikuuwasha mpaka mchana.

Usiuze ile kona. Nakueleza kwa nini, na usome polepole.

Baba yako alikuwa mchapakazi, lakini l na r zilimshinda tangu darasa la pili mpaka kaburini. Aliponichumbia alimwandikia baba yangu kwamba ataleta mahali kabla ya Pasaka. Kaka zangu walicheka wiki nzima, wakamwuliza atapabebaje. Wewe umesoma, l na r zako unazijua, ndiyo maana ukakosea. Hapo kwenye daftari hakukusudia mahari. Alikusudia mahali. Ni mahali pa Bizimana. Yuko pale, mwanangu, chini ya migomba mitatu ya mwisho.

Mwisho wa mwaka tisini na sita wakimbizi waliambiwa warudi kwao. Bizimana alikuja tukiwa tunachambua maharage, akapiga magoti mlangoni, akasema akirudi hafiki. Hatukumwuliza kwao aliona nini, wala alifanya nini. Mpaka leo sijui tulimficha mtu mwema au mtu mbaya, na wazo hilo huja kukaa nami nikiwa peke yangu. Baba yako alisema apande darini siku mbili tu. Alikaa miezi minne.

Alilala juu ya magunia, na moshi wa kila mlo tuliopika ulipita kifuani kwake. Tulipatana alama. Nikiwa peke yangu jikoni nilikuwa nakohoa chini ya ngazi mara mbili, fupi. Akiwa macho na salama alijibu mara moja, ndefu. Ndipo nampandishia uji. Kufika mwezi wa tatu zile ndefu hazikuwa za kujibu tena, zilikuja zenyewe, na ninyi watoto tukawaambia ni panya.

Mbili fupi, moja ndefu. Ulichokisikia Mwanza, mwanangu, ni mimi na yeye.

Kisha neno likatoka. Sitakuambia lilitoka kinywani mwa nani, kwa sababu aliyelisema hakujua alichosema, na sijawahi kumlaumu hata siku moja. Tulipata fununu kwamba watu wanakuja kukagua. Baba yako alimshusha katikati ya mvua ya masika akamlaza migombani, akamfunika kwa majani makavu. Watu wakaja, wakapekua dari, wakakaa karibu siku nzima wakinywa rubisi yetu, pombe ya ndizi niliyokuwa nimeipika mwenyewe. Walipoondoka tukamkuta ameshapoa. Hakuna aliyempiga. Ni kifua na baridi. Tulimfukia pale pale bila padri na bila kilio, kwa kuwa kilio kina sauti. Sijamlilia mpaka leo. Wiki ile ile baba yako aliivunja dari akaifanya kuni, na kwa miaka yote aliyobaki hakuweza kumsikia mtu akikohoa kanisani bila kutoka nje.

Unaniuliza kama dari inastahili bei yake. Mimi bei ya dari ninayoijua ni hiyo moja tu. Mwambie Mashimba hapana.

Mama yako,
Adelfina


Mwanza,
27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulikula Pasaka vizuri na afya yako ni njema. Mimi naendelea, ingawa siku hizi kikohozi kile nakisikia hata dukani, cherehani zikinyamaza zote kwa pamoja. Mafundi wangu wananiuliza naangalia nini juu.

Nilikusubiri. Kila basi la kutoka Ngara nilikwenda stendi kumwuliza konda, mpaka sasa ananiona tu anatikisa kichwa. Nimempigia Anatory mara nne. Mara ya kwanza alisema hujaandika, mara nyingine zote hakupokea. Pasaka imepita. Moyo wangu hauna raha kabisa kuendelea hivi, mama, lakini Clever amenipa mpaka katikati ya Mei, la sivyo malipo ya kwanza yanapotea. Nimesaini kumuuzia Mashimba ile kona. Vijana wa Mashimba wataanza kuchimba Jumatatu ya tarehe tano.

Kama umenikasirikia, niambie. Hasira yako naweza kuibeba. Kimya chako kinanishinda.

Binti yako,
Deodata


Mwanza,
4 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama ninastahili kuuliza hali yako, lakini nauliza.

Anatory amefika leo asubuhi, mwenyewe, kwa basi. Hakuketi. Alitoa barua yako ya Machi kwenye mfuko wa koti la kanisani, imefunguliwa, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Amekaa nayo zaidi ya mwezi. Anasema alikuwa akimbembeleza Mashimba aruke ile kona ajenge upande wa barabara, na Mashimba amekataa mpaka juzi. Nilimpigia kelele. Nilimwuliza ana moyo gani. Akasema, "Niliogopa utajiona humo ndani."

Nikaisoma pale nimesimama. Nilipofika kwenye lile neno lililotoka, nilijiona.

Anatory alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa anajua yote. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Mwalimu alituambia kila mmoja ataje mnyama aliyeko nyumbani kwao. Wenzangu wakataja mbuzi, kuku, mbwa. Nilitaka kuwazidi. Nikasimama nikasema sisi kwetu tuna panya anayekohoa, na mama humpandishia uji kwa kikombe cha bluu. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Nilirudi nyumbani nikakusimulia kwa furaha jinsi nilivyowachekesha, nawe ukaacha kuchambua maharage, ukanikumbatia mpaka nikakuambia unaniumiza. Hukunipiga. Hukuniambia kitu, siku ile wala miaka yote hii. Nilikuwa nakumbuka kumbatio, mama. Sikuwa nakumbuka lilitokana na nini.

Mashimba simu yake haipatikani. Anatory atageuza leo jioni na basi lile lile, na hii barua ataibeba yeye. Naomba Mungu awahi.

Leo mchana nilikwenda kumrudishia Clever funguo. Malipo ya kwanza hayarudi, na sikubishana. Nilipanda mara ya mwisho nikakaa. Sasa naweza kulijibu swali langu mwenyewe. Inastahili bei yake, mama. Ni dari nzuri, na atakayeinunua atalala humo vizuri na hatasikia kitu. Ni mimi tu nisiyeweza kukaa juu, maana kila chai itakapopoa nitamsikia mtu aliyekuwa akingoja kujibiwa.

Nataka kuomba msamaha na sijui niuombe kwa nani. Kwako naona haya, kwa sababu si wewe uliyelala kwenye mvua.

Binti yako,
Deodata


Kibimba,
18 Mei 2025

Mwanangu Deodata,

Marahaba, na tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mwaka mzima uliopita. Nakuandikia nikiwa nimeota jua.

Barua yako ya Aprili, ambayo Anatory alimwachia jirani yake ailete, ilinifikia alfajiri, siku ile ile ya wachimbaji. Walikuja asubuhi na majembe yao, wakakuta nimeweka kigoda changu chini ya migomba mitatu ya mwisho. Waliniamkia. Wakasema mambo mengi, na kwa mara ya kwanza niliona faida ya uziwi. Wakaanza upande mwingine, wakachimba mashimo mawili, la pili likawa hatua nne kutoka kwenye miguu yangu. Saa sita Anatory akaja anakimbia, na Mashimba nyuma yake kwa pikipiki. Anatory akamweleza yote mbele yangu. Mashimba alivua kofia, akasema kwao mtu hajengi juu ya mgeni aliyekufa bila kuliliwa, na kwamba kama angejua tangu mwanzo wala asingeuliza bei. Amechukua fedha yake na amefukia mashimo yote mawili.

Jana tumemlilia. Padri alisoma misa, majirani wakaja na ndizi na maharage, na wazee wawili waliokuwa pamoja na waliokuja kukagua miaka ile walikaa mstari wa mbele wakatazama chini. Nililia kwa sauti, mwanangu. Sikujisikia, lakini nimeambiwa nilisikika mpaka barabarani. Anatory ametengeneza msalaba wa mbao akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike jina tu. Jina lenyewe, namshukuru Mungu, halina l wala r.

Sasa la panya. Nilikuambia sijawahi kumlaumu aliyesema, na nilijua namwandikia nani. Ulikuwa mtoto uliyeona mama yako anamlisha kiumbe mwenye njaa, ukajivunia. Mimi ndiye niliyepandisha uji mbele ya macho yako, nikidhani mtoto haoni. Tangu siku ile nimeogopa jambo moja tu, kwamba utalikumbuka nikiwa nimeshakufa, usiwe na wa kumwuliza. Umelikumbuka nikiwa hai. Kwangu hiyo ni zawadi.

Ila unauliza msamaha uombe kwa nani, na hilo mimi siwezi kukujibia. Watu walipoondoka nilikwenda pale peke yangu. Nikasimama miguuni pake, nikakohoa mara mbili, fupi, kama zamani. Nikangoja. Sikusikia kitu. Lakini siku hizi hata kengele ya kanisa siisikii, kwa hiyo siwezi kukuambia kama alijibu.

Panda basi uje, wewe mwenye masikio.

Mama yako,
Adelfina